Fimbo yenye mabawa iliyopita mbele ya kamera: UFO, mnyama, au nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Bukoba. Mwezi wa Novemba, kama saa mbili usiku, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu, kamera ya ulinzi getini kwetu ilinasa kitu kirefu, cheupe, kama fimbo, chenye vimbawa vitatu kila upande. Kilikatiza skrini kutoka kulia kwenda kushoto. Nimekisimamisha fremu kwa fremu: kipo kwenye fremu nne tu, kisha hakuna. Mlinzi alikuwa palepale chini ya kamera na anaapa hakuona kitu. Kaka yangu anasema ni UFO, yaani chombo cha angani kisichojulikana, na kwamba hata jeshi la Marekani limekiri kuwa na video kama hizo. Shemeji amesoma mtandaoni kuwa kuna wanyama wasiojulikana wanaoishi angani, wanaitwa "rods". Mimi nilisema ni senene, wakanicheka. Bibi anasema huo ni ungo, tuufute mkanda na tusiuongelee tena. Kamera ni ya kawaida, lenzi ya milimita 2.8, inarekodi fremu 15 kwa sekunde. Tumebishana mpaka Krismasi imepita. Ni nini?

JIBU: Marahaba. Bibi mfikishie shikamoo yangu. Upande wa ungo sina la kusema, vipimo vyangu havifiki huko. Ninachomwomba ni kimoja tu, mkanda usifutwe kwanza. Nyie watatu mliobaki mmetoa madai yanayopimika, na wewe bila kujua umenitumia karibu kila namba ninayoihitaji. Jibu langu ni hili: ni mdudu, alipita karibu mno na lenzi, na kwa dalili ulizonipa si senene. Kaka hakushinda, shemeji hakushinda, wewe umepata nusu.

Sasa sababu. Video ya kamera moja inakuonyesha upande kitu kilipo, haikuonyeshi kiko umbali gani. Kiwe nusu mita kutoka kwenye lenzi au kiwe juu ya Ziwa Victoria, kwenye skrini kitakaa mahali palepale. Na asiyejua umbali hajui ukubwa, wala hajui mwendo. Kaka yako anaposema kitu kilikwenda kwa kasi ya ajabu, ameshaamua moyoni kwamba kilikuwa mbali, na hakuna mahali kwenye mkanda panapomruhusu kuamua hivyo.

Tupige hesabu. Lenzi ya milimita 2.8 kwenye kamera hizi huona upana wa nyuzi 100 hivi, yaani kwa kila mita moja ya umbali picha inabeba upana wa karibu mita 2.4. Fremu nne, kwa fremu 15 kwa sekunde, ni robo sekunde hivi. Kama kitu kilipita nusu mita mbele ya lenzi, kilisafiri mita 1.2 kwa robo sekunde: kilomita 17 kwa saa, mwendo wa kawaida kwa mdudu arukaye vizuri. Kama kilipita mita 5 mbele, tunapata kilomita 170 kwa saa. Hapo mdudu hayumo tena, na ndege karibu wote hawamo, labda kozi anapojitupa kutoka juu kushambulia. Mita 100: kilomita 3,400 kwa saa, karibu mara tatu ya mwendo wa sauti. Kilomita moja: 34,000 kwa saa. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kwa kilomita 28,000 kwa saa, tena kule juu ambako hewa karibu haipo.

Mkanda ni uleule, fremu ni zilezile nne. Ukishachagua umbali umeshachagua jibu. Ila majibu hayo hayana gharama sawa. Kitu kinachopasua hewa kwa mara tatu ya mwendo wa sauti, mita 100 kutoka getini kwenu, kingepiga mshindo ambao mtaa mzima ungetoka nje na kanga mabegani. Mlinzi wenu hakutaja hata mvumo. Mdudu aliye nusu mita kutoka kwenye lenzi hadai maelezo yoyote ya ziada.

Utaniuliza: mdudu gani ana umbo la fimbo na mabawa sita? Hakuna. Umbo hilo limetengenezwa na kamera. Usiku shata, yaani kile kinachofungua na kufunga jicho la kamera, hukaa wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga, na kwenye kamera za ulinzi muda huo mara nyingi ni 1/25 au 1/30 ya sekunde. Mdudu wa kilomita 17 kwa saa husogea sentimita 16 ndani ya 1/30 ya sekunde, na kamera huuchora mwili wake katika safari hiyo yote kuwa mstari mmoja mnyoofu. Wakati huohuo mabawa yanapanda na kushuka. Kila pigo moja linaacha uvimbe mmoja pembeni mwa mstari, juu na chini, au kulia na kushoto kutegemea kamera imemwona kutoka upande gani. Kwa hiyo vile vimbawa vitatu ni bawa moja lililopigwa mara tatu.

Hili si la kuniamini mimi, unaweza kulipima sasa hivi kwa rula juu ya skrini. Kama shata ilikuwa wazi 1/30 ya sekunde na kila fremu inakuja baada ya 1/15, basi kamera ilikuwa imefumbua jicho nusu ya muda na kulifumba nusu nyingine. Pima urefu wa fimbo kwenye fremu ya pili. Kisha pima kutoka kichwa cha fimbo kwenye fremu ya pili hadi kichwa chake kwenye fremu ya tatu. Urefu wa kwanza utakuwa takriban nusu ya huo wa pili. Tumia fremu za katikati, maana lenzi pana hupinda picha pembeni. Mnyama wa kweli mwenye mwili wa mita nzima hana sababu hata moja ya kuwa na urefu unaolingana na mpangilio wa shata ya kamera yenu. Mdudu mdogo anayeburuta kivuli chake hawezi kuukwepa.

Na hapa ndipo senene wako anapotoka kwenye orodha, samahani. Mapigo matatu ndani ya 1/30 ya sekunde ni mapigo 90 kwa sekunde. Kama shata ilikuwa 1/25, ni 75. Nzige hupiga mabawa karibu mara 20 kwa sekunde, na senene ni wa jamaa hiyo ya mabawa makubwa yanayopigwa polepole. Angepita yeye, ungeona mstari mnene wenye uvimbe mmoja, tena labda haujakamilika. Nyuki na nzi wao hufika mapigo 200 na kuendelea. Hao wangeacha vimbawa sita au saba vilivyobanana. Mapigo 75 hadi 90 yananielekeza kwa mbawakawa mdogo au nondo mwenye mabawa mafupi. Jina la jamii yake sitakutajia, na yeyote anayelitaja kwa kutazama fremu nne nyeusi na nyeupe anakudanganya. Naelewa kwa nini ulimfikiria senene. Novemba, mvua imekatika, taa ya getini inawaka, Bukoba nzima iko nje na ndoo. Lakini usiku wa senene ni usiku wa wadudu wengine wote pia, na wanakuja kwenye taa ileile.

Weupe wake nao una maelezo. Kamera yenu ikiona giza huwasha taa zake za infraredi zilizozunguka lenzi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Mwanga huo hupungua haraka sana kwa umbali: kitu kilicho nusu mita hupata mwanga mara 400 zaidi ya kitu kilicho mita 10. Ndiyo maana geti linaonekana la kijivu hafifu na mdudu anawaka kama neoni, watu wakasema "kinatoa mwanga chenyewe". Kuhusu ukali wa picha, wengi hudhani kitu cha karibu lazima kiwe na ukungu. Kwa kamera ya harusi yenye lenzi ndefu, ni kweli. Kwa lenzi fupi ya milimita 2.8, tangu chini ya mita moja hadi upeo wa macho karibu vyote vinatoka vikali sawasawa, kwa hiyo ukali hautakusaidia kujua kilikuwa wapi.

Mlinzi anasema kweli, msimsumbue. Gizani, mdudu wa sentimita mbili anayepita juu ya kichwa chako kwa robo sekunde huwezi kumwona, na mwanga uliomfanya ang'ae hata huwezi kuuhisi. Mambo haya hutokea hata mchana kweupe. Novemba 2010, kwenye sherehe za jeshi la anga la Chile katika kambi ya El Bosque jijini Santiago, watu walirekodi ndege za kivita zikipita. Hakuna hata mmoja aliyeona kitu kigeni. Baadaye, kwenye video, vikaonekana vidoa vyeusi vikizizunguka ndege kwa kasi ya kutisha, na ofisi ya serikali ya Chile inayochunguza matukio ya angani ikazitangaza video hizo kama ushahidi mzito. Wachunguzi wengine walipozipitia waliona nzi na mbawakawa wakipita mbele ya lenzi. Mimi niko upande wa hao. Kitu ambacho umati mzima haukioni kwa macho bali kamera tu ndiyo inakiona, kwanza kabisa kitafute mbele ya kamera.

Shemeji sasa. Hizo "rods" zina historia, tena si ndefu. Mwaka 1994 Jose Escamilla, mpiga video aliyekuwa karibu na Roswell, New Mexico, mji ambao tayari ulikuwa unaishi kwa habari za UFO, aliona kwenye mikanda yake vitu kama fimbo vyenye utepe wa mabawa pembeni. Akaamini ni viumbe visivyojulikana, akavipa jina hilo, akatembea navyo kwenye vipindi vya televisheni kwa miaka. Wajapani wakaviita samaki wa angani. Mkanda uliovuma zaidi ulitoka Mexico, kwenye shimo kubwa la Sótano de las Golondrinas huko San Luis Potosí, ambako watu walikuwa wakijirusha na miamvuli kwenda chini zaidi ya mita 300: video za warukaji hao zilijaa fimbo zikipita huku na huku. Shimo lenyewe limejaa ndege na wadudu, lakini hilo halikuwapa shida mashabiki.

Tazama mwaka wenyewe. Miaka ya 1990 ndipo kamera ndogo za video zilipoingia majumbani. Kule Marekani, kila picha moja ilijengwa kwa nusu mbili, nusu 60 kwa sekunde, na shata kwa kawaida ilikaa wazi 1/60 ya sekunde. Nzi mwenye mapigo 200 hupiga mabawa mara tatu na kidogo ndani ya muda huo. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeelekeza kamera ya namna ile angani siku ya jua na akaipitia taratibu angekuta "rods", na watu wakazikuta kila bara. Wanyama walioenea dunia nzima ila hawakuonekana mpaka aina fulani ya mashine ilipouzwa madukani, hao kwangu ni mali ya mashine.

Wachina ndio walilimaliza kwa njia ninayoipenda. Mwaka 2005 televisheni yao ya taifa ilionyesha kisa cha kiwanda cha dawa huko Tonghua, jimbo la Jilin, ambako kamera za ulinzi zilikuwa zinanasa fimbo zenye mabawa usiku. Wafanyakazi hawakuishia kubishana. Walitega nyavu kubwa kwenye eneo lile na kusubiri. Kamera ikarekodi fimbo zikienda kwenye nyavu, wakaenda kutazama, wakakuta nondo na wadudu wengine wa kawaida. Hakuna mjadala uliobaki baada ya hapo, labda wa nani ataosha nyavu.

Mwambie shemeji pia kwamba mnyama hawi picha tu. Mnyama hufa, huoza, huzaa, huliwa na popo na ndege, hugonga vioo vya magari. Dereva yeyote wa njia ya Mutukula akifika asubuhi kioo chake kimepakwa kila mdudu wa Kagera. Wataalamu wa wadudu huweka mitego ya taa na ya vitambaa kila kona ya dunia, na kila mwaka hugundua jamii mpya kwa maelfu, nyingine ndogo kuliko punje ya mtama. Tangu 1994 hakuna aliyeleta hata bawa moja la "rod". Wanyama wapya wapo, tena wengi, ila huletwa kwenye chupa.

Hoja ya kaka yako ina uzito zaidi na sitaki kuipita mbio. Anasema wakubwa wenyewe wamekiri. Nitampa kesi mbili, na ya kwanza ni ya zamani kuliko sisi wote.

Tarehe 2 Julai 1952, Delbert Newhouse, mpiga picha wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa akiendesha gari na mkewe na watoto karibu na mji wa Tremonton, Utah. Asubuhi, anga jeupe. Wakaona kundi la vitu ving'aavyo, kama dazeni moja hivi, vikizungukana. Newhouse akasimamisha gari, akatoa kamera yake ya filamu ya milimita 16 yenye lenzi ndefu, akapiga zaidi ya dakika moja. Huyu si mtu wa kukurupuka, picha ndiyo kazi yake. Filamu ikaenda jeshi la anga, kisha maabara ya jeshi la majini ya kusoma picha, ambako walitumia takriban saa 1,000 za kazi kuipima. Wakahitimisha kwamba vitu vile si ndege wenye mabawa, si maputo, na kwamba vilionekana kutoa mwanga vyenyewe.

Januari 1953 shirika la ujasusi la CIA liliita jopo la wanasayansi chini ya mwanafizikia H. P. Robertson wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California. Mmoja wa wajumbe alikuwa Luis Alvarez, ambaye baadaye, 1968, alipata Nobeli ya fizikia. Waliitazama filamu ya Tremonton, wakaonyeshwa na filamu za shakwe, wale ndege wa majini, wakizunguka juani, wakasema: shakwe. Utah imejaa shakwe kwa sababu ya Ziwa Kuu la Chumvi. Shakwe wa California ndiye ndege rasmi wa jimbo lile, wana hata mnara wake Salt Lake City. Miaka ya 1960, William Hartmann, mtaalamu wa sayari aliyehudumu kwenye uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliipitia filamu upya akafika hapohapo.

Kwa nini maabara ya saa 1,000 ilikosa? Kwa sababu ilipima ung'aavu kwa uangalifu wa kupigiwa mfano, kisha ikaujengea hoja juu ya umbali wa kudhani. Ndege aliye kilomita nyingi kweli hawezi kung'aa vile. Ndege aliye karibu zaidi, tumbo jeupe likipigwa na jua la saa tano, anang'aa mpaka filamu inamzidisha na mabawa yanapotelea kwenye doa moja. Ni haki niseme kwamba Newhouse alieleza baadaye kuwa mwanzoni, kabla hajaitoa kamera, aliviona vitu kwa karibu vikiwa na umbo la sahani mbili zilizofunikana. Siwezi kumwita mwongo. Ila hilo halimo kwenye filamu, na hapa tunazungumzia kilichomo.

Kesi ya pili ndiyo kaka anayoitaja bila shaka. Kati ya video tatu za marubani ambazo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilizitoa rasmi Aprili 2020, moja inaitwa GoFast. Ilipigwa Januari 2015 na ndege ya kivita ya jeshi la majini kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Kidoa kidogo kinakimbia juu ya mawimbi, rubani anashangilia, ukitazama unasadiki kwamba kinakwenda kama risasi. Wizara ilikiri kwamba video ni ya kweli. Haikukiri zaidi ya hapo, na hapo ndipo watu wengi huongeza chumvi.

Tofauti na mkanda wenu, hii ina namba za kipimo juu ya skrini: urefu wa ndege kutoka baharini, pembe ya kamera, na umbali hadi kwenye kitu. Jopo la NASA, shirika la anga la Marekani, lililotoa ripoti Septemba 2023 lilizichukua namba hizo na kufanya hesabu ya pembetatu ya sekondari. Kidoa hakikuwa juu ya mawimbi hata kidogo. Kilikuwa futi kama 13,000 juu, yaani kilomita nne, kati ya bahari na ndege iliyokuwa futi 25,000. Na mwendo wake wa wastani ulitoka kama maili 40 kwa saa, kilomita 64, mwendo wa upepo wa kawaida kule juu. Kilichokimbia ni ndege yenyewe. Ukiwa kwenye basi la Biharamulo, mti wa kando ya barabara unaonekana kurudi nyuma kwa kasi mbele ya vilima vilivyotulia. Rubani alikuwa abiria, kidoa ndicho mti, bahari ndiyo vilima. Ofisi ya Wizara hiyo ya Ulinzi inayoshughulikia mambo haya ilieleza vivyo hivyo mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti Novemba 2024. Kidoa chenyewe kilikuwa nini, NASA haikutaja, na ilifanya vizuri. Pale umbali ulipopatikana, maajabu ya kasi yaliisha, hata bila kujua jina la kitu.

Nakiri kuna video ambazo namba zake zingenisimamisha. Ningetaka kitu kinachopita nyuma ya kitu kingine ambacho umbali wake tunaujua. Hilo angalia kwenye mkanda wenu: fimbo ilipofika kwenye nguzo ya umeme au tawi la mwembe wa jirani, ilijificha nyuma yake au ilipita mbele? Ikijificha nyuma ya tawi lililo mita 30, basi mdudu wangu ameshakufa na mimi nitaandika tena kwa adabu. Ikipita mbele ya kila kitu, ikiwemo geti lenyewe, haithibitishi kwamba ni mdudu, ila inaacha mlango wazi kwa mdudu na haimpi kaka chochote. Tazama pia ukuta: taa za infraredi za kamera hutupa vivuli, na wakati mwingine kivuli cha mdudu hugonga ukutani kwenye fremu ileile.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni kamera ya pili. Kama DVR yenu, ile mashine inayohifadhi rekodi za kamera, ina njia nne, saa ni moja kwa kamera zote, kwa hiyo huna shida ya kulinganisha muda. Funga kamera nyingine mita mbili au tatu pembeni mwa ile ya kwanza, ikitazama upande uleule, iachie wiki kadhaa za mvua. Kitu kilicho mbali kitatokea kwenye kamera zote mbili, kwa sekunde ileile na karibu mahali palepale. Mdudu aliye nusu mita kutoka kwenye lenzi, kwa wakati mmoja, atatokea kwenye moja tu. Jeshi la Chile lingeweza kufanya hivi kwa gharama ya nyaya na skrubu.

Halafu, kwa ajili ya kumaliza ubishi sebuleni, ingia kwenye menyu ya kamera, sehemu ya mwanga, uitoe shata kwenye hali ya kujiendesha uiweke 1/500. Kamera nyingi zinaruhusu. Picha ya geti itakuwa giza, usijali, wadudu wa karibu bado watawaka kwa sababu ya infraredi. Muda wa shata ukipungua hivyo, mdudu wa kilomita 17 kwa saa anasogea sentimita moja tu badala ya 16, na "rods" zenu zitageuka kuwa nondo, mbawakawa na kumbikumbi wenye kichwa, kifua na mabawa ya kuhesabika. Mwite shemeji atazame mwenyewe. Ukimaliza rudisha mpangilio wa zamani, maana usiku mwizi atapita na hutamtambua.

Kama baada ya hayo bado kuna kisichoeleweka, nitumie, lakini usinitumie kwa WhatsApp. WhatsApp hubana video, hubadilisha fremu, hufuta zile alama ndogo ninazozihitaji. Nimeshapokea "UFO" kadhaa ambazo ni miraba ya kubanwa kwa faili na si kingine. Chomeka flashi kwenye DVR, nakili faili asilia, pamoja na dakika tano za kabla na tano za baada ya tukio. Ulifungue kwa programu ya VLC na ubonyeze herufi E ili lisogee fremu moja moja. Na lifanye mapema wiki hii, kwa sababu DVR ikijaa huanza kuandika juu ya rekodi za zamani, na ya Novemba huenda iko mstari wa mbele kufutwa, bibi atake asitake.